Baritoni Haitaki Maiki ya Mwimbaji

Mwenye studio anayeanza kazi, awe Kasese mjini au Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, ana sababu nzuri ya kununua kwanza maiki ya mwimbaji: waimbaji ndio wateja. Shida huja siku anapoingia mpiga saksafoni ya baritoni. Maiki ile ile husukumwa mdomoni mwa ala, unasikika mngurumo tu, na lawama anabebeshwa mpigaji.

Baritoni si ala ya kila siku Kasese, ingawa mashabiki wa Fela Kuti wanaijua sauti yake kupitia kwa Lekan Animashaun. Ile yenye noti ya A ya chini hushuka hadi Hz 65 hivi. Shure SM58, maiki ya jukwaani ya tangu 1966, imepunguziwa besi kwa makusudi, maana mwimbaji akiikaribia besi huongezeka yenyewe. Fundi akiibandika kwenye mdomo wa saksafoni hupata noti nzito zilizovimba, huku za juu zikififia. Noti za juu hutokea kwenye matundu yaliyo wazi mwilini mwa ala, hazisubiri kufika mdomoni.

Electro-Voice RE20 ya 1968 iliundwa kuepa uvimbe huo. Besi yake haibadiliki sana maiki ikisogezwa. Sennheiser MD 421, iliyotoka 1960, ina swichi ya kupunguza besi hatua kwa hatua. Zote mbili ni ghali, lakini hudumu miaka mingi.

Wapo watakaosema kondensa ndiyo maiki ya studio. Kweli, Neumann U87 katika chumba kilichotulia ni raha tupu. Lakini kondensa husikia kila kitu, na kwenye barabara ya Kasese kwenda Bwera kila kitu ni pamoja na malori yanayoelekea Kongo, jenereta ya jirani na mvua juu ya mabati. Kondensa ya bei rahisi katika chumba kama hicho ni fedha iliyotupwa. Heri dainamiki nzuri moja, kama RE20 au MD 421.

Isitoshe, maiki hiyo haitakaa bure ikimsubiri mpiga baritoni. Wakonzo wa Kasese wana endara, marimba ya vipande vikubwa vya mti vilivyolazwa juu ya migomba na kupigwa na watu kadhaa pamoja. Nayo ina uzito wa chini usiotendewa haki na maiki ya mwimbaji.

Kwa hiyo, kabla fedha haijatoka mfukoni, mwenye studio aombe kuijaribu maiki. Aiweke nusu mita mbele ya saksafoni, ielekee katikati ya mwili wa ala, mpigaji ashuke kutoka noti ya juu kabisa hadi ya chini kabisa. Noti moja ikiruka au ikizama, airudishe dukani.