Laptopu inapiga kelele na garanti haijaisha: tuifungue ao tungojee?

Toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa kumi, mvua ikikatika, hapa Mulungwishi vumbi njo linatawala. Malori ya migodi yanapita usiku na mchana kwenye barabara ya Kolwezi na Likasi, yakielekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Barabara kubwa iko na lami, lakini pembeni yake, na njia zote zinazoingia misioni na vijijini, ni udongo mwekundu. Asubuhi unapanguza meza, saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Vumbi hilo halibaki juu ya meza tu. Linaingia ndani ya laptopu, na siku hizi laptopu si kitu cha matajiri peke yao. Wanafunzi wa Université Méthodiste au Katanga, iliyo hapa kwetu, wanaandikia kazi zao za mwisho wa masomo. Walimu wanatayarishia maulizo ya mitihani. Wenye maduka wanachapia barua za watu. Kwa familia nyingi, mashini moja imekula feza ya mwaka mzima wa kuweka kidogo kidogo.

Ndiyo maana ulizo hili linatufikia mara kwa mara: “Nilinunua mashini mpya, wakanipa garanti ya mwaka mmoja. Sasa vantilatere yake inalia sawa mashini ya kusaga mahindi. Fundi wa karibu anasema aifungue na kuisafisha. Muuzishaji alisema nikifungua tu, garanti inakufa. Nifanye nini?”

Jibu letu kwa kifupi: usingojee garanti iishe ndipo usafishe. Lakini anza kwa kusafisha ya nje, na mbele ya visi yoyote kuguswa, pata ruhusa iliyoandikwa. Tueleze sababu.

Kelele inatoka wapi

Ndani ya laptopu kuna prosesa, ndiyo akili ya mashini. Ikifanya kazi inatoa joto kali. Kuna bomba jembamba la shaba, ile ile shaba ya udongo wetu, linalochukua joto hilo na kulipeleka kwenye vibati vidogo vilivyopangwa karibu karibu. Vantilatere inavuta hewa ya baridi kutoka chini na kuipuliza kati ya vibati hivyo, joto linatokea pembeni ao nyuma.

Vumbi likiingia, halitawanyiki. Linashikana na nyuzi za blanketi na nywele, linakuwa kama kipande cha kitambaa kizito mbele ya vibati. Hewa haipiti. Joto linapanda, mashini inaamuru vantilatere izunguke mbio zaidi, na hiyo ndiyo kelele unayosikia. Joto likikaribia digri 100, prosesa inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Hapo mtu anasema mashini yake “imezeeka”, kumbe imezibwa pua tu. Ikiendelea hivyo, inazimika katikati ya kazi.

Lakini si kila kelele ni vumbi. Kama inavuma kwa sauti ya upepo, na iliongezeka polepole miezi kwa miezi, hiyo mara nyingi ni vumbi. Kama inakwaruza ao inagonga toka wiki ya kwanza, hata mashini ikiwa baridi, hiyo inaweza kuwa kasoro ya vantilatere yenyewe. Tofauti hii ni kubwa sana, juu kasoro njo kazi ya garanti, vumbi hapana.

Na mara nyingine ni kazi tu. Ukiona vantilatere inalia wakati hufanyi kitu, na mashini yako ni ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Utaona ni programu gani inakula nguvu. Huenda mashini inajirekebisha kwa intaneti kwa siri, na ikimaliza itanyamaza.

Garanti inalinda nini

Watu wengi wanafikiri garanti ni ahadi kwamba kitu chochote kikiharibika, kinatengenezwa bure. Sivyo. Garanti ya kiwanda kwa kawaida inalinda kasoro ya vifaa na ya kazi ya kiwanda. Inaacha nje ajali, maji, kurani mbaya, na uharibifu ulioletwa na mtu aliyetengeneza vibaya. Vumbi la barabara yetu si kosa la kiwanda, kwa hiyo hakuna kiwanda kinachodaiwa kulisafisha. Kinyume chake, vitabu vya maelezo vinamwambia mwenye mashini aangalie matundu ya hewa yasizibwe. Kusafisha kwa nje si kuvunja garanti. Ni kufanya kile kiwanda kinachoomba.

Kufungua je? Hapa dunia haisemi sauti moja. Kampuni kama HP, Dell na Lenovo zinatoa kwenye intaneti vitabu vinavyoonyesha hatua kwa hatua namna ya kufungua mashini zao nyingi. Marekani, mwaka 2018, ofisi ya serikali inayosimamia biashara, FTC, iliandikia kampuni 6 ikizionya: kumwambia mnunuzi kwamba garanti inakufa akipasua kikaratasi ao akitengeneza kwa fundi mwengine, hilo linaweza kuwa kinyume cha sheria yao ya 1975. Katika Umoja wa Ulaya, mnunuzi ana miaka 2 ya garanti kwa nguvu ya sheria, hata muuzishaji asipoandika kitu.

Sheria hizo hazivuki bahari kuja Likasi. Na mashini nyingi za kwetu zimepitia Dubai ao nchi jirani, mkononi mwa wachuuzi watatu ao wane. Garanti zingine za kiwanda zinafuata nchi ao eneo ambamo mashini iliuzishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo “garanti ya mwaka mmoja” unayoambiwa dukani, mara nyingi si ya kiwanda. Ni neno la muuzishaji mwenyewe.

Tuwe wa haki hapo. Muuzishaji huyo naye hana mtu nyuma yake. Hawezi kurudisha mashini moja Dubai juu ya vantilatere. Kile kikaratasi alichobandika juu ya visi njo silaha yake: kikipasuka, yuko huru. Hatumtukani. Lakini tujue kwamba kikaratasi kile kinamlinda yeye, hakikulindi wewe.

Sheria ya nchi yetu

Je, sisi hatuna kitu? Tuko nacho. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali msingi wa sheria zetu za kununua na kuuzisha, inasema muuzishaji anajibu juu ya kasoro zilizofichika ndani ya kitu alichouzisha, kama zinafanya kitu kile kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kudai feza yake, ao kukibakia na kudai sehemu ya bei. Lakini kuna masharti: kasoro iwe ilikuwamo siku ya kununua, iwe haikuonekana, na mnunuzi asikawie kulalamika.

Soma vizuri masharti hayo. Vantilatere iliyokwaruza toka wiki ya kwanza inaweza kuingia hapo. Vumbi la miezi sita haliingii. Na mashini iliyokwisha kufunguliwa na fundi wa kando inaleta ubishi: nani atajua kama kasoro ilikuwamo, ao ililetwa na turnavisi?

Somo tulilolipa sisi wenyewe

Sisi wa redio hatuongei kwa kusikia tu. Mashini moja ya studio ilianza kuvuma mpaka mikro ikabeba sauti yake. Msikilizaji mmoja akauliza kama kwetu mvua inanyesha, na tulikuwa katikati ya kiangazi. Garanti ilikuwa imebakia miezi minne. Tukaipeleka kwa kijana mmoja wa karibu. Akaifungua, akaipeleka kwa kwado, akaipuliza kwa pompo ya mipira ya gari. Vumbi lilitoka kama moshi, tukashangilia.

Wiki mbili baadaye vantilatere ikaanza kukwaruza, kisha ikasimama kabisa. Pompo ya kwado ina nguvu nyingi mno. Inazungusha vantilatere mbio kuliko ilivyotengenezwa, inaharibu mhimili wake, na hewa yake inabeba matone ya maji na ya mafuta. Muuzishaji alitazama kikaratasi kilichopasuka, akaturudishia mashini bila hata kuiwasha. Hatukuwa na neno la kujibu. Fakture yetu iliandika jina la mashini na bei, basi.

Namna ya kusafisha bila kufungua

Zima mashini kabisa, usiilaze tu. Ondoa chaja, na batri kama inatoka kwa urahisi. Ngojea ipoe, kisha toka nayo nje ya nyumba.

Tafuta matundu mawili: fasi hewa inaingilia, mara nyingi chini, na fasi hewa ya moto inatokea, pembeni ao nyuma. Tumia kopo la hewa linalouzishwa kwa kazi hiyo. Kama hulipati, pwari mpya ya mpira, ile wamama wanatumia kwa watoto, inafanya kazi, mradi iwe kavu. Puliza kidogo kidogo, si kwa mfululizo, kwanza upande wa hewa ya moto, kisha chini. Kama unaona vantilatere kupitia tundu, izuie polepole kwa kijiti cha meno ili isizunguke. Malizia kwa burashi laini, mpya na kavu. Usipulize kwa kinywa, juu mate yanaingia. Usitumie kitambaa chenye maji. Kiangazi chote, fanya hivyo mara moja kwa mwezi.

Na usiweke laptopu juu ya kitanda ao blanketi. Ubao mdogo chini yake unatosha. Ukimaliza kazi, ifunike ao uirudishe ndani ya mfuko wake.

Kama lazima ifunguliwe

Ikiwa kelele inabakia kisha kusafisha nje, usikimbilie turnavisi. Rekodi sauti kwa simu na uandike tarehe. Tia kazi zako zote ndani ya fleshi. Kisha rudi kwa muuzishaji kwanza, hata kama ni safari mpaka Likasi ao Lubumbashi. Mwambie achague: fundi wake aisafishe, hata kwa malipo, ao aandike nyuma ya fakture kwamba amekubali fundi mwengine aifungue kwa kusafisha. Mistari miwili, tarehe, sahihi, stempu. Akikataa yote mawili, andika siku uliyokuja na ushuhuda wa mtu uliyeenda naye.

Kwa yule ambaye bado hajanunua, kazi ni rahisi zaidi. Mbele ya kutoa feza, chukua namba ya mashini iliyoandikwa chini yake, uiingize kwenye ukurasa wa kampuni kwa intaneti. HP, Dell na Lenovo wanaonyesha hapo garanti inaisha siku gani. Mashini inayoitwa mpya inaweza kuwa imekwisha kumaliza garanti yake. Kisha omba fakture iandike mambo manne: namba ya mashini, urefu wa garanti, nani anaitoa kati ya kiwanda na duka, na nani anasafisha vumbi wakati wa kiangazi. Muuzishaji akishangaa juu ya hilo la mwisho, mwonyeshe viatu vyako. Ataelewa.

Ukingojea mwaka mzima uishe juu ya kuogopa kikaratasi, unaweza kubakia na garanti nzima na mashini iliyoungua, kwa kasoro ambayo garanti hailipi. Na ukiifungua kwa haraka, unaweza kupoteza yote mawili. Mwanafunzi anayetetea kazi yake mwezi ujao hawezi kulipa kosa hilo mara mbili. Leo jioni, zima mashini yako na uangalie matundu yake.