TV haijafa, kifurushi ndicho kilichoisha

Jioni moja hapa Landless, Thika, mama jirani alibisha hodi kwangu kutaka mkopo. Hazikuwa pesa za unga wala za karo. Kifurushi cha televisheni kilikuwa kimeisha na watoto wamenuna. "Jirani, TV imekufa," alisema. Nikachukua eriali yangu ya zamani, nikaifunga nje ya dirisha lake linalotazama upande wa Limuru iliko mitambo ya kurushia matangazo, nikachomeka waya nyuma ya TV yenyewe na kuiamuru itafute stesheni. Dakika chache baadaye KBC, Citizen, NTV na KTN zikajitokeza. Hatukulipa hata senti.

Imani kwamba asiyelipa kila mwezi hana televisheni ni uongo, na uongo huu unakula pesa za watu wasio nazo.

Ulishika mizizi mwaka 2015. Mitambo ya analogi ilipozimwa mwezi Februari, NTV, Citizen na KTN zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu, wamiliki wake wakivutana na Mamlaka ya Mawasiliano. Katika mkanganyiko ule watu walikimbilia madukani, wengi wakarudi na ving'amuzi vya kulipia. Tangu hapo neno dijitali likasikika masikioni mwao kama jina jingine la bili. Dijitali ni namna ya kusafirisha picha tu. Stesheni zetu kubwa za kibinafsi huishi kwa matangazo ya biashara, na KBC ni shirika la umma. Mawimbi ya stesheni hizi yakifika kwenye paa lako hayakudai risiti.

Wapo watakaosema picha ya bure ni mbovu. Hao wanakumbuka chenga za zamani. Mawimbi ya dijitali yakifika vizuri, picha ni safi. Yakiwa hafifu, hugandaganda au hupotea. Dawa yake ni kuinua eriali juu, nje, mbali na ukuta wa ghorofa ya jirani, na kuielekeza kwenye mitambo. TV nyingi za kisasa zina kipokezi cha mawimbi haya ya dijitali (DVB-T2) ndani yake, kwa hiyo hazihitaji hata king'amuzi. Mwenye TV ya zamani atanunua king'amuzi cha stesheni za bure mara moja, yaishe.

Wengine watauliza: na mpira? Hapo wana hoja. Ligi Kuu ya Uingereza kila wikendi haiji bure, na anayeipenda ana haki ya kuilipia. Lakini hata Kombe la Dunia la 2022 KBC ilionyesha mechi kadhaa bila malipo. Isitoshe, nyumba ngapi hulipia mwaka mzima, kisha jioni zote hutazama taarifa ya habari na vipindi vya hapa nyumbani? Vioja Mahakamani, Papa Shirandula na Inspekta Mwala vilitufikia kupitia stesheni hizi hizi za bure.

Kinachotuponza hasa ni heshima. Tumeaminishwa kwamba dishi ukutani ni dalili ya nyumba iliyojiweza, na kuliacha ni kukiri umaskini. Basi tupige hesabu. Anayelipa shilingi 1,000 kwa mwezi hutoa 12,000 kwa mwaka. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, hizo ni kodi, ni sare za shule, ni mtungi wa gesi unaojazwa tena na tena. Heshima ya nyumba iko kwenye sufuria na vitabu vya watoto.

Mtaa wetu unaitwa Landless, wasio na ardhi. Lakini masafa ya hewani ni mali ya umma, na hata asiye na ploti ana fungu lake humo. Kabla hujatuma pesa za kifurushi mwezi huu, chomeka eriali, utafute stesheni, utazame wiki moja. Ukikosa kitu unachokihitaji kweli, lipa. Usipokosa, pesa hizo ni za watoto wako.