SUPER MARIO: Asubuhi mionzi, jioni goli!

Haya wapenzi wa safu hii, leo tunaacha soka na ndondi pembeni, tunaingia kwenye barafu. Najua wapo watakaoguna, eti hoki ya barafuni inatuhusu nini sisi watu wa jua kali? Tulieni kwanza. Kisa cha leo ni cha jamaa aliyekuwa chini ya mashine ya mionzi asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo akawa uwanjani katika mji mwingine, anapachika goli. Sio sinema hii. Ni msimu wa 1992-93 wa NHL, ligi ya timu za Marekani na Canada, na jamaa mwenyewe anaitwa Mario Lemieux wa Pittsburgh Penguins.

Kwa wasioujua mchezo, ni ule ule wa magongo, ila badala ya nyasi kuna barafu, na badala ya mpira kuna kisahani cha raba ngumu wanachokiita puki. Wanacheza sita kwa sita, kipa akiwemo, miguuni viatu vyenye chuma chini kama kisu, na vikumbo ni ruksa mpaka mtu anabandikwa ukutani. Ukifunga unahesabiwa pointi moja, ukitoa pasi ya goli nayo moja. Mwisho wa msimu mwenye pointi nyingi ndiye mfalme wa ligi.

Sasa huyu Mario. Mtoto wa Montreal, mrefu futi sita na inchi nne, na hilo jina la ukoo kwa Kifaransa ni kama kusema "kilicho bora kabisa". Wazazi wengine wana bahati! Kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe lenyewe, alikuwa ameshalibeba mara mbili mfululizo, 1991 na 1992. Oktoba 1992 akasaini mkataba wa miaka saba, dola milioni 42. Msimu ukaanza naye akaanza kugawa dozi. Ilipofika Januari alikuwa na pointi 104 katika mechi 40. Watu wakatoa kalamu na karatasi, maana rekodi ya Wayne Gretzky ilikuwa pointi 215 kwa msimu mzima, na kwa mwendo ule Mario alikuwa anaipita. Umri miaka 27, mchumba yupo, pesa ipo. Unataka nini tena?

Tarehe 12 Januari 1993 ikatangazwa kuwa Mario ana kansa. Ugonjwa wa Hodgkin, kansa ya matezi. Kulikuwa na uvimbe shingoni.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wakisimulia kisa hiki wanaparuka hapa wakimbilie makofi. Sisi vijana wa mjini mtu akiona uvimbe shingoni anafanya nini? Anapandisha kola ya shati. Akibanwa sana anapita duka la dawa, anameza vidonge viwili, anasema mbona haliumi. Mario naye angeweza kusema rekodi kwanza, daktari baadaye, na ningemwelewa, maana nafasi ya kumpiku Gretzky haiji kila mwaka. Hakusema hivyo. Akavua viatu, akaenda kuchomwa mionzi, na mechi zikaendelea bila yeye. Kansa hiyo ikigundulika mapema ina nafasi kubwa ya kupona, na yake ilikuwa imegundulika mapema.

Huku nyuma wenzake hawakumsubiri. Pat LaFontaine wa Buffalo Sabres akawa anaokota pointi kila wiki, mpaka akampita Mario na kumwacha pointi 12.

Ikaja tarehe 2 Machi 1993. Asubuhi ile Mario alipata mionzi ya mwisho. Wewe ungerudi nyumbani ulale, si ndiyo? Mwenzio alipanda ndege mpaka Philadelphia, ambako Penguins walikuwa na mechi jioni. Na Philadelphia, bwana weee, sio mahali pa kwenda kuomba huruma. Mashabiki wa mji ule mwaka 1968, kwenye mechi ya mpira wa Kimarekani, walimrushia Baba Krismasi mabonge ya theluji! Mgeni pale anazomewa kuanzia mlangoni. Lakini Mario alipoingia kwenye barafu, uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, mpinzani wao mkubwa. Naye akawashukuru kwa kuwafunga goli moja na kutoa pasi ya goli jingine. Flyers walishinda 5-4, sawa, ila sidhani kama kuna aliyeondoka pale akizungumzia matokeo.

Kilichofuata ni kimbembe. Katika mechi 20 baada ya kurudi, Mario alivuna pointi 56, yakiwemo magoli 30. LaFontaine akageuka nyuma, mtu huyu hapa! Mwisho wa msimu LaFontaine alikuwa na pointi 148 kwa mechi 84, Mario 160 kwa mechi 60. Yaani alikosa mechi 24 na bado akawa mfalme. Timu nayo ikashinda mechi 17 mfululizo, rekodi ambayo Columbus mwaka 2017 na Edmonton mwaka 2024 walifika 16 wakakwamia hapo. Zawadi ya mchezaji bora wa ligi akapewa yeye, na ile ya uvumilivu pia.

Kombe? Ah, kombe hakupata. Katika raundi ya pili ya mtoano Penguins, timu bora ya ligi nzima, walikutana na New York Islanders, wakasukumana mpaka mechi ya saba, mpaka muda wa nyongeza ambapo wa kwanza kufunga ndiye mshindi. Akafunga David Volek, Mcheki ambaye hakuwa jina la kutisha mtu. Nne kwa tatu, kwao Pittsburgh, mbele ya mashabiki wao. Kombe likaenda Montreal, nyumbani kwao Mario, baada ya Canadiens kushinda mechi kumi mfululizo za muda wa nyongeza na kumfunga Gretzky na Los Angeles Kings yake kwenye fainali.

Na mwili nao ulidai chake. Mionzi ilimwachia uchovu, na mgongo ulikuwa umemsumbua miaka mingi. Msimu wa 1994-95 hakucheza hata mechi moja. Alikaa nyumbani mwaka mzima, na hapo hapakuwa na uwanja wa kusimama kumpigia makofi. Kwangu mimi uamuzi ule ulimgharimu ujasiri ule ule wa kupanda ndege kwenda Philadelphia. Aliporudi msimu wa 1995-96 akamaliza tena kinara wa ligi kwa pointi 161. Na magoli? 69, yale yale aliyofunga mwaka wa mionzi.