Gari Haliponi kwa Maombi

Wiki iliyopita kuna mwenzetu aliandika humu kwamba sisi vijana wa Nakivale tumekuwa hodari wa kuandika barua za maombi kuliko kushika kazi, na watu wakamrukia kama nyuki. Mimi leo niko upande wake. Na sitaongea kwa mafumbo, nitaongea juu ya gari letu. Wengine mtakasirika. Kasirikeni, lakini someni mpaka chini.

Gari lenyewe mnalijua, ile Corolla nyeupe ya 1997 yenye mlango mmoja wa bluu. Tulichangishana kuinunua ili ibebe wagonjwa usiku wakati ambulensi iko mbali, na wengi humu mlitoa. Miezi mitatu gari lilikuwa linapoteza maji. Kila mtu alijua. Dereva alikuwa anatembea na jerikani mbili kwenye buti, anasimama, anasubiri, anaongeza, anaendelea. Ukimuuliza anakwambia, "Iko inakunywa maji kidogo, lakini inatembea." Tukazoea. Hilo neno "tukazoea" ndilo linaloniuma.

Usiku wa mwezi wa nne tulimbeba mama mmoja wa Juru, uchungu umeshamshika, kituo cha afya kimesema apelekwe Mbarara. Kwenye kupanda vilima mshale wa joto ukapanda. Dereva akapunguza mwendo. Baada ya dakika chache mshale ukashuka wenyewe, na sisi wote ndani ya gari tukasema asante Mungu, imepoa. Kumbe haikupoa. Maji yalikuwa yamekwisha, na kile kipima joto kilikuwa kinakaa kwenye hewa tupu, hakigusi tena maji ya kupima. Mshale ukishuka ghafla wakati gari bado linapanda mlima, hiyo siyo habari njema hata kidogo. Gari likakosa nguvu, likaanza kugonga, dereva akazima.

Mama alijifungulia pembeni ya barabara, juu ya vitenge viwili, kwa mwanga wa simu. Mtoto ni mzima na mama ni mzima, pikapu ya matoke iliwachukua hadi hospitali. Lakini mimi niliyeshika ile simu mkono ukitetemeka sitaki mtu aniambie tena kwamba mambo ya maji ya rejeta ni mambo madogo.

Sasa sikilizeni tulifanya nini baada ya hapo. Tuliitisha mkutano. Kamati ikasema injini imekufa. Nani aliipima? Hakuna. Tukaandika barua, ukurasa mmoja na nusu, na mwandishi ni mimi mwenyewe, kuomba ofisi moja itusaidie shilingi 2,500,000 za injini nyingine. Kanisani pia tukaliombea gari. Kwa hiyo maombi yalikuwa ya aina mbili. Baada ya wiki tano ofisi ikajibu kwa heshima kwamba hawana fungu la magari, ila wanaalika vijana wawili kwenye semina ya siku tatu ya kujitegemea. Nilikwenda. Tulipewa chakula cha mchana, cheti na fulana. Gari likabaki chini ya mwembe.

Aliyetuokoa ni muzee mmoja aliyekuwa fundi wa malori Bukavu, yuko hapa kambini miaka mingi. Hakuna aliyemuita, alipita tu akienda shambani akaona boneti iko wazi. Akauliza, "Munatafuta nini, bana wangu?" Tukamwambia injini imekufa. Akacheka.

Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida. Akasema, kama ingekuwa inafanana na chai ya maziwa, maana yake maji yameingia kwenye oili, na hapo gasketi ya silinda hedi ina shida kubwa, hiyo kazi hamtaiweza chini ya mwembe. Akajaza maji, akawasha dakika moja kifuniko kikiwa wazi na injini ya baridi, akaangalia kama kuna mapovu yanapanda bila kukoma. Hakuna. Tulikuwa na bahati, dereva alizima mapema.

Halafu akatoa kwenye mfuko kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye semina yoyote. Kifuniko cha zamani cha rejeta, amekitoboa katikati, akakitia valvu ya tyubu ya baiskeli. Akakifunga, akaunganisha pampu ya baiskeli yenye saa ya presha, akapampu taratibu mpaka karibu na namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha gari letu, 0.9, yaani presha ile ile ambayo gari linaifanya lenyewe likipata moto. Usizidishe, alisema, utapasua rejeta nzima. Injini ilikuwa baridi kabisa, hakuna wa kuungua. Tukanyamaza. Ndani ya dakika mbili tukasikia ssss nyuma ya injini, upande wa ukuta wa ndani, mahali ambapo ukisimama mbele ya boneti huwezi kuona.

Ulikuwa ni mpira mfupi wa maji ya hita. Klampu yake imeliwa na kutu, na kuzunguka pale kuna ukoko mweupe wa maji yaliyokauka. Maji yalikuwa yanatoka kidogokidogo wakati gari liko moto tu, yanadondokea vyuma vya moto, yanageuka mvuke kabla ya kufika chini. Ndiyo maana hatukuona dimbwi hata siku moja, tukaamini injini "inakunywa". Miezi mitatu, na mama mmoja barabarani, kwa sababu ya klampu.

Tulikata ncha ya mpira iliyokuwa imekakamaa, kama upana wa vidole viwili, tukasugua bomba kwa msasa mpaka kutu ikaisha, tukafunga klampu mpya ya kukaza kwa bisibisi. Mbili tulinunua, shilingi 8,000 jumla, pamoja na ya upande wa pili maana nayo ilikuwa inaelekea huko huko. Akapampu tena, saa ya presha ikasimama pale pale. Tukajaza, tukafungua hita mpaka mwisho, tukawasha bila kifuniko, tunabinya mpira wa juu kwa kitambaa ili hewa itoke, tunaongeza, mpaka feni ikajiwasha yenyewe. Kitambaa chenyewe ni ile fulana ya semina. Kumbe ilikuwa na kazi.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu.

Ugomvi wa kwanza ni na sisi wenyewe. Tulipofungua bomba la chini la rejeta, yalitoka maji ya rangi ya matope na vipande vya yai lililoiva. Kuna mtu alitia yai! Mwingine alikuwa amepaka sabuni ya kipande kwenye ungio la rejeta. Najua hivyo vitu vinaziba, nimeviona vinaziba, vinaweza kukufikisha nyumbani ukikwama njiani. Lakini yai haliulizi tundu la kuvuja liko wapi, linaziba popote palipo pembamba, na ndani ya rejeta na hita ni njia nyembamba tupu. Na yule fundi wa barabarani aliyetung'olea themostati eti Afrika kuna joto haihitajiki, yeye alitibu kitu kisichoumwa. Themostati inafungua njia kama kwenye nyuzi 82 ili injini ifanye kazi kwenye joto lake. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta zaidi, na tundu bado linavuja.

Na maji matupu nayo tuache kuyasifu. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kinachoyazuia ni presha ya kifuniko, na mfumo unaovuja haushiki presha. Kulanti nusu kwa nusu na maji inachelewesha kuchemka na inazuia kutu ile iliyokula klampu yetu. Kama huna pesa ya kulanti leo, basi maji ya mvua ya kwenye mabati, siyo ya kisima yenye chumvi.

Lakini tafadhali, hapa sina utani: kulanti ni sumu na ina utamu. Nimeona watu humu kambini wanaiweka kwenye chupa ya soda chini ya kitanda. Rangi ni ile ile ya soda. Mtoto wa miaka mitatu atajuaje? Na ile ya zamani usimwage kwenye mtaro ambao mbuzi na mbwa wananywa. Iweke kwenye jerikani yenye alama, juu, mbali.

Kuna wataosema wewe siyo fundi, utaunguza watu. Hilo ni kweli kwa sehemu. Kijana wa bloku yetu ana kovu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko kwa kufungua kifuniko cha moto. Injini ikiwa moto usiguse, subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono mtupu. Usimwage maji baridi kwenye injini inayotoa moshi, silinda hedi inaweza kupasuka. Na ukiona oili ya chai ya maziwa, acha, tafuta anayejua. Lakini kutojua kila kitu siyo sababu ya kukataa hata kuweka kartoni chini ya gari usiku na kuchungulia kwa tochi asubuhi.

Ugomvi wa pili ni na nyinyi dada na kaka wa mashirika mnaosoma humu. Siwadharau. Nafanya kazi ya kujitolea pamoja nanyi, naona mnavyochoka, na najua mgao ulivyokatwa siyo nyinyi mliokata. Lakini ukutani kwangu nina vyeti vitatu vya kujitegemea, na hakuna hata kimoja nilichopata nikiwa nimeshika spana. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kinachokosekana ni vifaa na mwalimu. Mwalimu tunaye, analima maharage. Gharama ya chakula cha mchana cha semina moja ingenunua sanduku la spana za kutosha vijana ishirini. Mkitaka picha za ripoti, njooni mpige tukiwa na grisi.

Na kuna haraka. Yule muzee ameitwa mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu. Tunamfurahia, ana haki yake. Lakini siku akipanda basi, kile kifuniko chake chenye valvu kinaondoka naye, na sisi tutarudi kwenye mayai.

Amekubali kutufundisha. Jumamosi hii saa 3 asubuhi, chini ya mwembe, kabla injini haijawashwa. Wasichana pia, alisisitiza hilo mwenyewe. Mwenye bisibisi, plaisi au spana ya 10 na 12 aje nayo. Mwenye sabuni pia aje nayo, ya kunawia mikono.