Mahagi: Ya Japani ya kuiga ni makaa, siyo samaki mbichi

Anayetaka kuchanganya chakula cha Japani na nyama choma hapa Mahagi, achanganye. Lakini samaki mbichi amwache. Wajapani humla hasa samaki wa baharini, aliyehifadhiwa kwenye barafu. Samaki wa Ziwa Albert, maji yasiyo na chumvi, akiliwa mbichi anaweza kuleta minyoo. Na barafu ya kutosha iko wapi?

Ya kuiga ni yakitori: vipande vya kuku kwenye vijiti, juu ya makaa, ndugu ya mishikaki. Kazi hiyo mama aliyekimbia vita anaiweza kwa mbabula moja, bila friji. Basi wenye restora wawape mama hao kazi, wawalipe kwa haki. Kujisifia vyakula vya kigeni huku jirani analala njaa siyo maendeleo, ni aibu.