Dereva asikiri kosa kwa kuogopa usumbufu

Katika mahakama za trafiki humu nchini, asubuhi huwa na haraka yake. Majina huitwa moja baada ya jingine, shtaka husomwa bila kukawia, na jibu hutoka kizimbani kwa maneno mawili tu: "Ni ukweli." Hakimu hutaja faini, mshtakiwa huelekezwa kunakolipwa, na jina jingine huitwa. Miongoni mwa wanaojibu hivyo wamo wengi ambao hakika walikosa. Lakini wamo pia, na hao ndio wanaotushughulisha leo, watu wasiojua kama walikosa au hawakukosa. Hao hukiri kwa sababu moja: wanataka kurudi kazini kabla ya adhuhuri.

Twasema mapema, tusije tukaeleweka vibaya, kwamba hatuna neno la kuwatetea wale waendeshao magari kana kwamba barabara ni urithi wa baba zao. Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya, na kundi kubwa miongoni mwao lilikuwa la waendao kwa miguu. Mwanafunzi wa fizikia katika shule ya upili aweza kumweleza mzazi wake jambo ambalo madereva wengi hawalitambui. Gari likipandisha mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 60, dereva hudhani ameongeza kidogo tu, sehemu moja ya tano. Kumbe nishati ya gari hilo imeongezeka kwa asilimia 44, kwa maana nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Umbali ambao gari huhitaji ili lisimame baada ya breki kukanyagwa hukua kwa kanuni iyo hiyo. Mtoto avukaye barabara kuelekea shuleni ndiye alipaye tofauti hiyo. Kwa hivyo, yeyote ajuaye moyoni mwake kwamba alama aliiona na kiwango akakipita, na alipe faini yake anyamaze. Mahakama si mahali pa kubahatisha.

Neno letu ni kwa yule mwenye shaka ya haki.

Afisa wa trafiki anaposimamisha gari na kumwambia dereva kwamba amepita kiwango cha mwendo, njia hufunguka tatu. Ya kwanza ni ile ya "kitu kidogo", na juu yake hatutakawia. Sheria ya kupambana na hongo ya mwaka 2016 yamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au yote mawili. Anayetoa noti ili kuepuka faini amejitoa kwenye kosa dogo na kujitia katika kosa kubwa, tena mbele ya abiria ambao huenda ni wanafunzi wake. Zasalia njia mbili: kukiri na kukana.

Ili dereva achague kwa busara, yampasa ajue sheria yasema nini. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, yaweka kiwango cha kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya vituo vya biashara na miji. Sheria iyo hiyo yawapa wasimamizi wa barabara wajibu wa kuweka na kutunza alama zinazoonyesha waziwazi mahali ambapo kiwango hicho chaanzia na mahali kiishiapo. Wajibu huu husahaulika mno. Sote tumeziona nguzo za alama zilizong'olewa zikauzwe kama vyuma kuukuu, na alama nyingine zilizofunikwa na matawi hata zikawa pambo la ndege. Dereva aliyekamatwa mahali pa namna hiyo ana hoja ya kweli, nayo hoja hiyo hupata uzito akipiga picha siku iyo hiyo, kabla matawi hayajakatwa. Ama yule ambaye alama ilimkodolea macho naye akaendelea na mazungumzo yake, huyo hana hoja.

Sheria hiyo yasema pia, katika sehemu ya 43, kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa kosa la mwendo wa kasi kwa ushahidi wa shahidi mmoja pekee asemaye kwamba, kwa maoni yake, gari lilikuwa likienda mbio. Hekima ya kipengele hiki ni wazi. Jicho la mwanadamu hulaghaiwa na mambo mengi: ukubwa wa gari, mlio wa injini, hata rangi. Afisa akifika mahakamani na kusema tu, "Nilimwona akipita kwa kasi," maneno yake peke yake hayatoshi. Ndiyo maana hutumiwa kifaa cha kupima mwendo.

Juu ya kifaa hicho madereva husema mengi yasiyo na msingi. Wapo washikiliao kwamba kifaa kikielekezwa kwa mshazari huongeza mwendo wa gari. Hesabu yasema kinyume. Kifaa kilichosimama kando ya barabara husoma sehemu tu ya mwendo halisi. Kwa pembe ya digrii 10, gari liendalo kilomita 80 kwa saa husomwa kama 79 hivi. Mshazari humsaidia dereva. Mwalimu wa hisabati anayetafuta matumizi ya kosini yasiyochosha darasa amepata hapa.

Lakini yapo maswali ya kweli. Mwale wa rada hupanuka kadiri uendavyo mbali. Ukipanuka kwa pembe ya digrii 12, basi katika umbali wa mita 300 upana wake umepita mita 60. Katika upana huo huweza kuwapo magari mawili au matatu, na rada peke yake haisemi ni lipi iliyolipima. Vifaa vya leza vina mwale mwembamba zaidi, na kosa la namna hii ni gumu kwavyo. Basi ni haki kuuliza: kifaa kilikuwa cha aina gani? Kilithibitishwa lini kuwa sahihi, na cheti kiko wapi? Je, ipo picha au rekodi yenye namba ya gari, saa na mahali?

Haya si maswali ya ujanja. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizotangazwa mwaka 2016 zilipanga adhabu kwa ngazi. Aliyezidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa alipewa onyo, aliyezidisha 6 hadi 10 alitozwa shilingi 500, wa 11 hadi 15 shilingi 3,000, na wa 16 hadi 20 shilingi 10,000. Hebu msomaji atazame hapo katikati. Kati ya kilomita 15 na 16 pana kilomita moja tu, na kilomita hiyo moja ina bei ya shilingi 7,000. Pale ambapo kosa dogo la kifaa laweza kumhamisha mtu ngazi nzima, kudai kifaa kithibitishwe ni sawa na mnunuzi sokoni kudai mizani ipimwe.

Mahakamani nako kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa. Maneno "Ni ukweli" hufunga mlango. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, sehemu ya 348, yasema kwamba aliyekiri kosa na kuhukumiwa na mahakama ya chini hana rufani, ila tu juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Hawezi kurejea nyumbani, akatafakari, kisha akaenda Mahakama Kuu kusema kwamba kumbe alama haikuwapo. Kwa sababu ya uzito huo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, nao wafuatwa mpaka leo. Shtaka lisomwe na kuelezwa katika lugha anayoielewa mshtakiwa. Akikiri, maelezo ya kisa yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akisema neno linaloonyesha kwamba kwa kweli hakubali, hakimu abadilishe jibu lake liwe la kukana. Pale ambapo washtakiwa ni wengi na saa ni chache, hatua hizi ndizo za kwanza kukimbizwa. Hapo mshtakiwa ndiye wa kusimama imara na kusema, kwa adabu, "Mheshimiwa, sijaelewa."

Mbona basi watu hukiri? Tuchukue mfano wa mwalimu wa Busia aliyekuwa akienda Nairobi, akasimamishwa karibu na Naivasha na kuambiwa kwamba alikuwa akienda kilomita 66 kwa saa penye kiwango cha 50. Yeye aamini kwamba hakupita 60, na imani yake si ya bure: vipima mwendo vya magari aghalabu husoma zaidi kidogo ya mwendo halisi, isipokuwa gari likiwa limevishwa magurudumu makubwa kuliko yake. Akikana, kesi itasikilizwa kule kule Naivasha, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani kwake. Atakwenda kutajiwa tarehe. Atakwenda siku ya kusikilizwa, na huenda shahidi asifike, kesi ikaahirishwa. Kila safari ni petroli, malazi, na darasa lisilo na mwalimu, na mwalimu mkuu atataka kuelezwa. Zaidi ya hayo, mahakama aghalabu humwonea huruma aliyekiri mapema, na anayekana huikosa huruma hiyo kesi ikimwelemea. Akipiga hesabu, kukiri ni rahisi kwa mbali, awe na hatia au asiwe nayo.

Hapo ndipo penye dosari, wala si kwa mwalimu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na yampa haki ya kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake na kuupinga. Haki inayogharimu safari tatu za Naivasha ni haki ya wenye nafasi na magari ya ofisi. Na serikali yenyewe hupata hasara, kwani polisi wasiopata kuulizwa maswali kizimbani hawana sababu ya kutunza vyeti vya vifaa vyao, wala wasimamizi wa barabara hawana sababu ya kurudisha alama zilizoibwa.

Twapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, dereva anayeshtakiwa apewe pale pale barabarani nakala ya rekodi ya kifaa, yenye mwendo, saa, mahali na namba ya kifaa. Anayeona ushahidi mzuri dhidi yake hukiri kwa moyo mmoja, na kesi nyingi zitakwisha hapo. Pili, tangu mwaka 2020, maradhi ya Covid yalipozifunga mahakama, mahakimu wetu wamezoea kusikiliza kesi kwa njia ya video. Njia hiyo itumiwe kwa kesi hizi ndogo, ili mwalimu wa Busia ajibu shtaka la Naivasha akiwa katika mahakama ya Busia, na ikiwezekana katika saa ambazo hazimwachi mtahiniwa wa kidato cha nne akitazama ubao mtupu.

Hadi hayo yatakapotendeka, mwalimu huyo anaposomewa shtaka ana ruhusa ya kumwambia hakimu kwamba aomba kwanza kuuona ushahidi, kisha ndipo ajibu. Ombi hilo halihitaji wakili.