Msukuma wa Ofa Ndiyo Mimi

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina ya aibu, tena ya kwangu mwenyewe.

Agosti mwaka jana nilikuwa Bariadi mjini nasaka kibarua. Kipindi hicho mkulima wa pamba ana hela mfukoni na Nanenane ndiyo hiyo inakuja, basi kila duka linapiga spika mpaka masikio yanauma. Duka moja la simu (jina naliacha) lilitaka kijana wa kusimama nje avute wateja. Nikauliza kazi yenyewe nini. "Unakuwa Msukuma," bosi akasema. Nikamwambia mbona mimi ni Msukuma tayari, mtoto wa Mwamapalala kabisa. Akasema siyo hivyo bwana, Msukuma yule!

Yule mnamjua. Nikavishwa mashati mawili, moja juu ya jingine, miwani ya jua ya kike, kandambili za tairi, mwavuli kwenye kiangazi kile, fimbo, na redio kubwa begani. R zote niseme L. Kisha nipige kelele: "Nimeuza ng'ombe watatu, leteni simu inayosonga ugali!" Kwa siku shilingi 10,000 na soda. Jamani, mdogo wangu alikuwa anadaiwa michango shuleni. Nikavaa.

Watu walivunjika mbavu. Waliocheka zaidi ni sisi wenyewe Wasukuma, mpaka nikaanza kujiona nina kipaji. Siku ya tatu asubuhi akaja mzee mmoja, kofia mkononi, anataka simu ya kuongea na binti yake aliye Dar. "Mwangaluka," akanisalimia. Nikaitika kwa adabu zote, fimbo nikailaza chini. Akauliza kwetu wapi, nikamtajia. Kumbe anamfahamu babu! Nikamwingiza ndani. Dada wa kaunta, ambaye wala siyo mtu wa mbali, akamkaribisha kwa ile lafudhi yangu: "Kalibu babu, ya kusonga ugali imekwisha!" Duka zima likaangua kicheko.

Mzee hakugomba. Alizifunga hela zake kwenye leso, akanitazama kuanzia miwani hadi tairi, akasema salamu zangu atazifikisha nyumbani. Akatoka. Mpaka leo sijui alimwambia nini babu, na sijathubutu kuuliza.

Mtasema ni utani tu. Utani naujua. Mtani akinirushia, namrudishia, tunakwenda sawa. Spika ya duka utairudishiaje? Halafu angalia: sikukuu ni ya mkulima, hela inayowindwa ni ya mkulima, na anayechekwa ni huyo huyo. Tena Simiyu hii hii, inayoongoza kwa pamba nchini, ambayo Nanenane ya kitaifa ilifanyika pale Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018 mpaka 2020. Kama wanataka Usukuma kwenye tangazo, upo tele. Kuna bugobogobo, vijana wanarusha majembe hewani kwa mdundo na hayawaangukii. Kuna Bagika na Bagalu, wanaogombea watazamaji kwa ngoma tangu enzi za mababu. Kuna Bayeye na majoka yao. Hapo hata mtoto wa Masaki angesimama akaduwaa!

Na siyo sisi tu. Marekani kila Mei 5 wana siku ya Wamexico, kukumbuka jeshi la Mexico lilivyowachapa Wafaransa pale Puebla mwaka 1862. Miaka ya 1980 makampuni ya bia yakaidaka. Sasa matangazo ni kofia pana, sharubu za bandia na tequila, na wengi wanadhani ndiyo siku ya uhuru wa Mexico, wakati hiyo ni Septemba 16. Nilipoyasoma hayo nikajihurumia: kumbe na huko kuna kijana kama mimi amebandikwa sharubu, na pengine naye ana mdogo wake shuleni.

Juzi bosi kanipigia, Krismasi inakuja. Nikampa wazo la bugobogobo, wachezaji nawatafuta mwenyewe. Akasema haichekeshi. Akapandisha, 15,000 kwa siku. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu.

Leo Jumatano, sijamjibu. Mwenye tangazo lisilohitaji miwani ya kike anitafute haraka, michango ya shule haijaisha.